Kamusi ya Kiswahili Sanifu: Mapitio ya Kitabu na ya Idara Iliyokizaa

Kamusi ya Kiswahili Sanifu hununuliwa na wengi, lakini wanaoihakiki ni wachache. Mwalimu humwagiza mwanafunzi aitafute, mhariri huiweka mezani pake, mfasiri huifungua anapotaka kukata shauri, na kila mmoja wao huichukua kana kwamba imeandikwa na lugha yenyewe. Katika mapitio haya naipima kama kazi ya watu: watu wa ofisi iliyohamahama wakati wa ukoloni, kisha wa taasisi ya uchunguzi na wa idara ya kufundishia zilizokaa pamoja pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Naamini kwamba uzuri wa kamusi hii na upungufu wake vimetoka mahali pamoja, yaani katika historia ya nyumba hiyo, na kwamba mnunuzi anayeifahamu historia hiyo hufaidi kitabu chake kuliko yule anayekifungua bila kujua kilikotoka.

Nyumba hiyo ina umri mkubwa kuliko chuo chenyewe. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulikubali kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu vya shule katika Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Tarehe 1 Januari 1930 ikaundwa kamati ya nchi hizo nne ili kusimamia usanifishaji, na Frederick Johnson akawa katibu wake wa kwanza. Wajumbe wa mwanzo walikuwa Wazungu, na wenye lugha waliingizwa baadaye. Kamati ilisoma miswada, ikanyoosha tahajia, ikaidhinisha vitabu vilivyostahili kuingia madarasani, ikatoa na jarida lake. Johnson alichapisha kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili mwaka 1935, na mwaka 1939, baada ya yeye kufariki, zikatoka zile kamusi mbili kubwa, moja ya Kiswahili kwa Kiingereza na nyingine ya Kiingereza kwa Kiswahili, zilizojengwa juu ya kazi ya A. C. Madan, mmisionari aliyetunga kamusi za Kiswahili kabla ya Kamati. Kamusi hizo mbili ndizo mama wa vitabu vyote vya aina hii vilivyofuata, hata vile vinavyojitahidi kujitenga nazo.

Ofisi ya Kamati ilianzia Dar es Salaam, ikapelekwa Nairobi, mwaka 1952 ikahamia Makerere, ikakaa Mombasa kwa muda mfupi, kisha ikarudi Dar es Salaam. Katika miaka ya baadaye ya Kamati, Shaaban Robert alikuwa miongoni mwa wajumbe wake, na nadhani jambo hilo linastahili kukumbukwa kuliko linavyokumbukwa, kwa maana mtu aliyekuwa akiandika Kiswahili bora kuliko wengi wa zama zake alikaa katika kikao kile kile kilichoamua ni Kiswahili kipi kichapishwe.

Uhuru ulibadili kila kitu. Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilifunguliwa mwaka 1961 katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani mwaka 1964, na mwaka huo huo kazi za Kamati zikakabidhiwa kwa chombo kipya cha chuo ambacho W. H. Whiteley alikuwa mkurugenzi wake wa kwanza. Chombo hicho ndicho tulichokizoea baadaye kwa jina la Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, au TUKI kwa kifupi. Aliyemfuata Whiteley, J. W. T. Allen, alifanya kazi moja ambayo peke yake ingetosha kuitetea Taasisi mbele ya yeyote anayeuliza faida yake: alizunguka pwani akikusanya miswada ya tenzi, mashairi na nyaraka zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu, pamoja na kanda za sauti, na orodha ya mkusanyiko huo uliowekwa katika maktaba ya chuo ikachapishwa mwaka 1970. Nitairudia miswada hiyo hapo mbele, kwa sababu ndipo lilipo lalamiko langu kubwa juu ya kamusi.

Uongozi uliingia mikononi mwa Watanzania, George Mhina akiwa miongoni mwa viongozi wa mwanzo, katika wakati ambapo serikali ilikuwa imekwisha kutamka, mwaka 1967, kwamba shughuli zake ziendeshwe kwa Kiswahili. Mwaka huo huo liliundwa Baraza la Kiswahili la Taifa, BAKITA, na kazi zikagawanywa: Baraza likashika ukuzaji na uidhinishaji wa istilahi, Taasisi ikabaki na uchunguzi, utungaji wa kamusi na uchapishaji wa majarida, likiwamo jarida la Kiswahili lililorithiwa kutoka kwa Kamati, na Mulika lililoanzishwa mapema katika miaka ya 1970. Kwa karatasi mgawanyo huo ni safi. Kwa mnunuzi wa kamusi umeleta hali ambayo vyombo viwili vya umma katika nchi moja hutoa kamusi mbili kubwa za lugha ile ile, na hilo nitalitaja tena.

Lakini sehemu ya historia inayoieleza kamusi hii kuliko zote ni ile ya darasani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Farouk Topan alianza kufundisha fasihi ya Kiswahili chuoni, na akaifundisha kwa Kiswahili. Mwaka 1970 chuo kilipokuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinachojitegemea, na katika miaka iliyofuata, Idara ya Kiswahili ikasimama na kuendelea na msimamo huo: mihadhara kwa Kiswahili, mitihani kwa Kiswahili, tasnifu kwa Kiswahili, katika chuo ambacho idara nyingine zilifundisha kwa Kiingereza. Ni rahisi leo kuliona jambo hili kuwa la kawaida. Mwalimu wa wakati ule aliyetaka kueleza muundo wa sentensi hakuwa na kitabu cha kiada cha Kiswahili, hakuwa na istilahi zilizokubalika, na mara nyingi yeye mwenyewe alikuwa amesomea isimu kwa Kiingereza ng'ambo. Ilimpasa atoe neno, alijaribu mbele ya wanafunzi, asikie kama linakaa, na kulirekebisha muhula unaofuata. Kirai, kishazi, kiima, kiarifu, mofimu, fonimu, fasihi simulizi: istilahi hizi, ziwe zimeundwa pale au zimeokotwa kwingine, zilipata nguvu kwa kutumiwa na watu waliolazimika kuzitumia kila juma.

Na watu hao hawakuwa watazamaji wa lugha tu. Euphrase Kezilahabi alifundisha katika idara hiyo huku akiandika riwaya na mashairi yaliyozua mjadala mkali juu ya ushairi huru. M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi walikuwa washairi na wanataaluma kwa wakati mmoja. F. E. M. K. Senkoro aliandika uhakiki na akatunga pia. Upande wa isimu, D. P. B. Massamba na wenzake Kihore, Hokororo na Msanjila walitoa vitabu vya sarufi na fonolojia ambavyo wanafunzi wa vyuo vya Tanzania na Kenya bado wanavibeba. Idara ya namna hiyo inapoandika kamusi, haiandiki kwa kukusanya karatasi za watu wengine. Inaandika ikiwa na mzigo wa kufundisha kesho asubuhi.

Toleo la kwanza la Kamusi ya Kiswahili Sanifu lilitoka mwaka 1981, likichapishwa na Oxford University Press. Halikuwa kamusi ya kwanza ya Kiswahili kwa Kiswahili, maana Johnson alitangulia kwa zaidi ya miaka arobaini. Uzito wake ni kwamba lilitungwa na taasisi ya wenye lugha, kwa ajili ya wenye lugha, bila mtu wa tatu aliyesimama katikati akihitaji kufasiriwa. Tofauti hiyo inaonekana hata katika mpangilio. Katika kamusi ya mwaka 1939 maneno yanayotokana na kitenzi yalirundikwa chini ya kitenzi hicho, hivi kwamba anayetafuta mchezo alipaswa kwanza kujua kwamba aende kwenye cheza. Mpangilio huo ulimfaa mgeni anayechambua mizizi ya maneno. TUKI waliyapa maneno hayo nafasi zake wenyewe: mchezo unausoma chini ya M, uchezaji chini ya U, na mwanafunzi wa shule ya sekondari hufika anakotaka bila kuzungushwa.

Toleo la pili, la mwaka 2004, ndilo nililolitumia kwa muda mrefu na ndilo ninaloweza kulieleza kwa undani. Kila nomino imewekewa viambishi vya upatanisho, kwa hiyo ukitaka kujua kama neno linakwenda na i-/zi- au li-/ya- unapata jibu mara moja. Kwa watu wanaokisema Kiswahili kama lugha ya pili, ambao ndio wengi wetu, huduma hiyo peke yake inalipa gharama ya kitabu. Vitenzi vimewekwa bila ku-, vikaonyeshwa kama ni elekezi, yaani vinavyochukua mtendwa, au si elekezi, kisha vikafuatwa na minyambuliko yake kwa vifupisho: tde kwa kauli ya kutendea, tdk kwa kutendeka, tdn kwa kutendana, tds kwa kutendesha, tdw kwa kutendwa. Vifupisho hivyo humchosha msomaji siku za mwanzo, na ningependa vingeelezwa chini ya kila ukurasa, lakini ukishavizoea unagundua kwamba mstari mmoja umekupa sarufi ya kitenzi kizima. Hapa ndipo ninapouona mkono wa idara. Mtu asiyefundisha mnyambuliko wa vitenzi asingeona haja ya kuupa nafasi yote hiyo.

Fasili zake kwa sehemu kubwa ni fupi na zimenyooka. Nahau na methali zimewekwa ndani ya vidahizo vinavyohusika, yaani chini ya maneno makuu yanayofasiliwa, na kwa vitenzi vyenye matumizi mengi, kama piga, msomaji hupata orodha ndefu inayoonyesha jinsi neno moja linavyobeba kazi nyingi. Kuna mahali fasili huzunguka, neno moja likielezwa kwa lingine nalo likirudishwa kwa la kwanza, hasa katika sifa na hisia, lakini hilo ni ugonjwa wa kamusi nyingi za lugha moja na sitaibebesha TUKI peke yake. Majina ya mimea, samaki na ndege yananiridhisha kidogo zaidi: mara nyingi fasili huishia kwenye aina ya mti au aina ya samaki, na mkulima au mvuvi anayejua mti huo kwa majani yake, matunda yake na dawa yake hawezi kuutambua kwa maneno hayo.

Sasa nifike kwenye upungufu ninaouona kuwa mkubwa. Kamusi hii ni mtoto halali wa uamuzi wa mwaka 1928. Kiunguja kilipofanywa msingi, Kimvita, Kiamu, Kipemba na ndugu zake vilisogezwa pembeni, na ingawa maneno kadhaa ya lahaja hizo yamepokewa, msomaji wa mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa au wa tenzi za Lamu atafungua kamusi hii mara nyingi na kutoka mikono mitupu. Jambo hili linauma zaidi nikikumbuka kwamba miswada aliyoikusanya Allen ipo kwenye kilima kile kile. Taasisi iliyoandika kamusi na maktaba inayotunza urithi wa karne kadhaa za uandishi wa Kiswahili ni majirani wa kutembeleana kwa miguu, lakini ukisoma kamusi huoni dalili kwamba neno lina historia: hakuna mwaka, hakuna mshairi aliyenukuliwa, hakuna chanzo cha mfano. Mifano ya matumizi ni sentensi fupi zilizotungwa ili kueleza maana, zenye manufaa kwa mtoto wa shule, lakini hazimwonyeshi mtafiti neno likiwa kazini mikononi mwa mwandishi.

Na hilo linafuatana na suala la asili ya maneno. Johnson alionyesha maneno yaliyotoka katika Kiarabu na lugha nyingine za nje. Kamusi ya Kiswahili Sanifu, katika matoleo mawili ninayoyafahamu vizuri, haikufuata njia hiyo. Ninaelewa kwa nini. Katika miaka ya 1960 na 1970 watu walikuwa wamechoka kuambiwa kwamba lugha yao ni mchanganyiko wa mikopo, na wanataaluma wa Mlimani walikuwa katikati ya vita vya kuthibitisha kwamba Kiswahili ni lugha ya Kibantu yenye mizizi yake. Katika mazingira hayo kuandika Kiarabu mbele ya kila neno la pili kungeonekana kuwa ni kumpa adui silaha. Vita hiyo imekwisha, na tumeishinda. Hakuna mwanaisimu makini anayeubishia Ubantu wa Kiswahili leo, na kwa hiyo hakuna sababu ya kuendelea kumnyima msomaji habari ya safari ya neno kutoka Kiarabu, Kiajemi, Kihindi, Kireno au kutoka lugha za jirani zetu za bara.

Mwaka 2009 TUKI na Idara ya Kiswahili ziliunganishwa na kuwa Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, TATAKI. Waliokuwa wachunguzi wa kudumu wakawa pia walimu wa madarasa makubwa, na walimu wakapewa njia ya wazi ya kuingia katika miradi ya kamusi. Toleo la tatu la mwaka 2013 lilitoka chini ya jina hilo jipya. Kwa nadharia muungano ni jambo jema, maana unakirasimisha kile ambacho historia ilikuwa imekwisha kukifanya. Hofu yangu ni juu ya muda wa kufanyia kazi tu. Kati ya toleo la kwanza na la pili ilipita miaka ishirini na mitatu, ambamo Tanzania ilipata vyama vingi, televisheni ilienea na simu za mkononi zikaingia mifukoni, na kamusi ilikaa kimya. Kati ya la pili na la tatu ilipita miaka tisa, ambayo ni nafuu kubwa. Mwalimu mwenye mamia ya karatasi za mtihani za kusahihisha hawezi kuwa mwanakamusi wa saa nane kwa siku, na kazi ya kamusi haikubali kufanywa kwa masalio ya muda. Chuo kinapaswa kuwa na watu wachache ambao kazi yao ni hiyo moja, wenye kongoo la matini, yaani mkusanyiko wa maandishi na mazungumzo halisi, linaloongezwa kila mwaka kutoka magazetini, bungeni, redioni na katika maandishi ya vijana, na wasiovutwa kwenda darasani kila upungufu wa walimu unapojitokeza.

Mnunuzi ana haki ya kuuliza kama pesa yake isiende kwingine. Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, iliyochapishwa na Longhorn, ni mpya zaidi kwa mawazo na imetungwa na chombo chenye mamlaka ya istilahi za kiserikali, kwa hiyo anayeandika nyaraka za ofisi za Tanzania afanye vyema kuwa nayo. Kamusi la Kiswahili Fasaha la BAKIZA, yaani Baraza la Kiswahili la Zanzibar, limebeba ladha ya Visiwani, na kwa maneno ya bahari, ya mapishi na ya maisha ya Unguja na Pemba ndilo ninalolifungua kwanza. Wasomaji wa Kenya wana kamusi zilizochapishwa Nairobi ambazo huyapokea mapema zaidi maneno yanayotumika katika vyombo vyao vya habari, kama runinga. Kwa sarufi, hata hivyo, bado sijapata kamusi inayomhudumia mwanafunzi na mhariri kama hii ya Mlimani. Ninapotaka kujua upatanisho wa nomino au kauli ya kitenzi ninayoitilia shaka, ndiyo ninayoiendea, na ndiyo ninayoitaja ninapobishana na mwandishi juu ya muswada wake.

Ushauri wangu kwa anayekwenda dukani ni kwamba aangalie ukurasa wa hakimiliki kabla ya kulipa, kwa kuwa matoleo ya miaka tofauti huuzwa sambamba na majalada hayamwelezi mnunuzi vya kutosha, na ajihadhari na nakala za kurudufu zinazouzwa mitaani, ambazo herufi ndogo za vifupisho hazisomeki. Mwanafunzi wa sekondari au wa chuo cha ualimu anunue toleo jipya kabisa analoweza kulipata. Anayefanya shahada ya uzamili katika isimu aongeze ile kamusi ya istilahi za isimu na lugha iliyotolewa na TUKI mwaka 1990, ambayo imezeeka lakini inaonyesha istilahi zilivyokuwa zilipotoka darasani zikiwa bado mbichi. Na yeyote anayesoma fasihi ya pwani ya kabla ya usanifishaji asiuze wala kuitupa kamusi ya mwaka 1939 kwa kuwa amepata mpya, kwa sababu maneno mengi ambayo Johnson na wenzake waliyaokota wakati mabaharia na wazee wa Unguja walipokuwa bado wanayatumia yanapatikana humo, na mpaka sasa TATAKI haijayarudisha yote nyumbani.